Mgonjwa wa Taa

Mama mkwe alipopiga simu hakusalimia. Huyu ni mwanamke ambaye huuliza habari za watoto, za kazi, za majirani na za paka kabla ya kutaja shida yake. Siku hiyo alivuka yote hayo.

"Mkwe wangu, nimekukosea nini?"

Mkwe mwenyewe alikuwa studioni, anamnyooshea kola mteja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho. Mtaani wanamwita Msanii. Jina hilo alijipa mwenyewe, watu wakalipokea kwa kicheko, na yeye kwa kutojua kinachochekwa akaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu.

"Shikamoo mama. Hujanikosea kitu."

"Usinipe shikamoo! Mtoto wangu anaumwa mpaka macho yameingia ndani na mashavu yamekwisha, na mimi nimekaa huku nakula na kulala. Habari za mwanangu mwenyewe nazikuta kwenye karatasi inayogawiwa njiani!"

Msanii aliiacha kola ya mteja imekaa upande. Aliijua karatasi hiyo. Aliijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani, na aibu ni kwamba hapo kwanza aliijua kwa fahari.

Mambo yalikuwa hivi. Rafiki yake wa tangu shule, Kocha, alifundisha michezo mpaka goti likamgomea, kisha akaingia kwenye biashara ya unga wa kijani wa makopo, unaosemekana kuzitia nguvu seli za mwili. Kwa ajili ya kipeperushi alihitaji picha mbili za mtu mmoja: kabla ya kunywa, na baada ya kunywa. Aliyepona hakuwa naye bado. Mke wa Msanii, anayeshona sare za shule kwenye baraza la studio hiyohiyo, ndiye aliyekuwa karibu, basi akakalishwa kwenye kiti. Kwa picha ya kwanza Msanii alimfuta mafuta usoni, akaishusha taa mpaka chini ya kidevu, akamwambia amfikirie yule mteja aliyechukua sare tatu akahama mtaa. Kwa ya pili akaipandisha taa, akaweka karatasi nyeupe pembeni, akamwambia afikirie kwamba mteja huyo amerudi. Mke aliumwa, akapona, akarudi kwenye cherehani, na chai yake ilikuwa bado ya moto.

Ile picha ya ugonjwa ilimtoka Msanii vizuri mno. Alikuwa akiwaonyesha wateja. "Tazama hicho kivuli chini ya jicho," aliwaambia. "Hicho si kipodozi. Hiyo ni taa tupu." Wateja waliguna kwa heshima, wakauliza bei ya picha za kitambulisho.

"Mama," alisema sasa kwenye simu, "ile ni picha tu."

"Najua ni picha. Mimi si kipofu. Nakuja."

*

Alikuja na begi la nguo na mfuko mwingine uliogongana ndani kwa sauti ya mabati. Alimshika binti yake mabega, akamgeuza huku na huku kama anayenunua kabati, akambonyeza mashavu.

"Umerudi," alisema, na machozi yakamtoka. "Umerudi kabisa, mwanangu. Huwezi kujua."

"Mama, sikwenda popote. Sikuumwa."

"Usinifiche tena. Imeandikwa." Alitoa kipeperushi kilichokunjwa mara nne, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: "'Nilikuwa siwezi hata kuinua ndoo. Leo mimi ni mama wa watoto watatu, na nguvu zangu zimerudi.'" Alivua miwani. "Na huyo mtoto wa tatu? Nyinyi mna wawili. Huyo wa tatu alipatwa na nini, mkanificha na hilo?"

Msanii alikuna kichwa. Maneno aliyatunga Kocha. Watoto watatu aliwaandika, alivyoeleza baadaye, kwa sababu wawili walionekana wachache kwa mtu aliyepata nguvu mpya.

Walieleza. Mke alieleza kwa upole, kisha kwa ukali. Msanii alieleza kwa mikono, akionyesha taa ilivyokuwa huku na karatasi kule. Mama mkwe aliwasikiliza wote kwa uvumilivu wa mtu anayejua anadanganywa kwa nia njema. Hakuna mzazi, alisema, anayekosea uso wa mwanawe akiwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyekesha naye kwenye surua. Sura ile aliijua.

"Wala siwalaumu," alisema. "Mliogopa presha yangu itapanda. Sasa msiogope tena." Akaufungua ule mfuko, akapanga makopo ya kijani juu ya meza, moja baada ya jingine, akiwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. "Kama unga huu umemtoa mwanangu kwenye hali ile, mimi presha yangu ni kitu gani? Vidonge nimeviacha."

Mke wa Msanii alikaa chini. "Umeviacha lini, mama?"

"Tangu nilipoiona picha yako."

Msanii alimtazama mkewe, mkewe akamtazama Msanii. Kwa kipaji chake chote na miaka yote ya kupiga watu wa vitambulisho na maharusi wenye jasho, kazi yake moja tu ilikuwa imemgusa mtu moyoni. Na mtu mwenyewe ni mama mkwe, na alichofanya baada ya kuguswa ni kutupa dawa.

*

Ikaamuliwa aitwe Kocha. Aliyeharibu ndiye atengeneze. Aje mwenyewe amwambie mama kwamba picha ni ya uongo. Msanii aliona wazo hilo ni zuri, na hapo mkewe angepaswa kulitilia shaka.

Kocha alikuja Jumapili mchana, amechomekea shati, anachechemea kwa goti lake, anamsalimia mama mkwe kwa kuinama mpaka mtu angedhani ameangusha funguo. Alipokaribishwa mezani na kuambiwa kwa nini ameitwa, alikiri bila kusita. Ndiyo, picha ilitengenezwa. Shemeji hakuumwa. Msanii alishusha pumzi.

"Lakini mama," Kocha aliendelea, akichukua paja la kuku, "picha kutengenezwa hakufanyi unga uwe wa uongo. Picha ni mfano tu. Hata kitabu cha shule kina michoro."

"Ehee," alisema mama mkwe.

"Mwili ni seli. Hazihesabiki. Kila seli ina kiwanda chake kidogo cha kutengeneza nguvu, na hili silitungi mimi, liko kwenye vitabu. Kiwanda kikikosa malighafi kinazima. Vikizima vingi, ndipo unasikia presha, sukari, viungo. Majina tu hayo! Ugonjwa ni mmoja: seli zimechoka."

"Zangu zimechoka," mama mkwe alikubali. "Nazisikia."

"Shemeji," alisema mke wa Msanii, "na huo unga unaijuaje njia ya kwenda huko kiwandani?"

"Unapita kwenye damu."

"Ukitokea tumboni?"

"Ndiyo."

"Kama haya maharage?"

"Maharage yana mzunguko mrefu, shemeji."

Msanii alicheka. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza, naye akaacha.

"Na unanywewaje?"

"Vijiko viwili, kikombe kikubwa cha maziwa, ndizi mbivu na asali. Kila asubuhi."

"Maziwa, ndizi na asali! Hata ukikoroga vumbi la barabarani kwa namna hiyo mtu ataamka na nguvu. Kwa nini nisimpe mama maziwa na ndizi, vumbi nikaliacha barabarani?"

Ilikuwa hoja nzuri na Kocha aliyumba kidogo. Kisha, kama mchezaji mzee anayejua pa kuupeleka mpira akibanwa, akageuka. "Muulize mume wako. Yeye anakunywa, na mabadiliko ameyaona."

Sehemu ya malipo ya zile picha ilikuwa makopo mawili, na Msanii alimwambia mkewe kwamba ameyagawa.

"Nilikuwa naonja," alisema Msanii.

"Kopo zima?"

"Nilikuwa naonja polepole."

"Na maziwa ya watoto yanayokwisha kila asubuhi?"

Msanii aliinama kwenye sahani yake. Angesema nini? Alianza kwa mzaha. Zile picha mbili zilikuwa ukutani studioni, mkewe wa picha ya pili aking'aa karibu na yule wa picha ya kwanza aliyekauka, na yeye amekaa chini ya picha hizo na mgongo unamuuma. Alijua kabisa kilichofanyika, taa aliishika kwa mkono wake mwenyewe. Lakini ukikitazama kitu kila siku kinakuzoea, nawe unakizoea, na asubuhi moja mkono ulijikuta umeshika kijiko. Mpiga picha aliyedanganywa na picha yake! Akimsikia mtu mwingine kafanya hivyo angemcheka wiki nzima.

"Mnaona?" Mama mkwe aliweka kijiko chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wenyewe mnakunywa. Mimi ndiye mnayeninyima."

"Mama, hatukunyimi..."

"Ngoja, shemeji," alisema Kocha kwa upole. "Mama, vidonge vya presha umemeza kwa muda gani?"

"Tangu marehemu mume wangu yuko hai."

"Umepona?"

Mama mkwe aliitazama mikono yake. "Sijapona."

"Hajapona," alisema binti yake, "lakini yupo. Yupo hapa anakula na sisi."

"Kuwepo tu hakutoshi, shemeji. Mimi nataka awe mzima. Mtu nimuuzie kitu nisichokunywa mwenyewe? Mimi si tapeli." Na kwa bahati mbaya alikuwa anasema kweli. Angekuwa tapeli wangemtimua mlangoni na mambo yangekwisha. Simu yake iliita, mteja mwingine, akaaga kwa kuinama tena, akaondoka akichechemea na seli zake.

*

Baada ya vyombo kutolewa, Msanii alivuka kwenda studioni na kurudi na taa, kamera na karatasi nyeupe. Alipita mtaani amebeba vyote hivyo siku ya mapumziko na jirani akamuuliza nani anaoa.

"Mama," alisema, "kaa hapo. Usiniamini mimi. Tazama tu."

Alimkalisha mkewe kwenye kiti cha plastiki, akafunga mapazia, akamfuta uso kwa kitambaa. Akaishusha taa. Hakusema neno. Mama mkwe alikuwa ameegemea mbele, na palepale mbele ya macho yake mashavu ya binti yake yakabomoka, macho yakazama, shingo ikatoa mishipa. Mama mkwe alishika kifua. Msanii akaipandisha taa, akasogeza karatasi. Binti akapona. Akaishusha, akaugua. Akaipandisha.

"Basi," alisema mama mkwe. "Basi, baba. Nimeona."

Kisha alianza kulia, na hakuficha.

"Kwa hiyo hukuumwa."

"Sikuumwa, mama."

"Namshukuru Mungu hukuumwa." Alijifuta kwa kitambaa cha kichwa. "Lakini nilikuwa nimefurahi jamani. Nilipoona karatasi ile nililia, kisha nikafurahi. Nikasema, kumbe kuna kitu kinachomaliza. Mnajua vile vidonge vinavyochosha? Kila asubuhi kidonge kinakuambia wewe ni mgonjwa. Na kesho kinakuambia tena. Hakuna siku kitakuambia haya mama, tumemaliza, nenda. Mimi nilitaka tu kuambiwa tumemaliza."

Binti yake alikwenda kupiga magoti karibu naye, akamshika mikono. Msanii alisimama na taa yake. Alitamani kuomba msamaha, lakini neno lililokuja kwanza, kwa mazoea ya kazi, lilikuwa jingine.

"Nikupige na wewe, mama? Picha nzuri. Ya ukweli."

Mama mkwe alicheka katikati ya machozi. "Na macho haya mekundu?"

"Macho niachie mimi."

Alimgeuza kidogo dirishani, akampangia kitambaa, akainua kamera. Taa ilikuwa juu, karatasi nyeupe mahali pake, mwanga ule ule uliomponya mkewe. "Tabasamu, mama."

Mama mkwe akatabasamu. Upande mmoja wa mdomo ukapanda. Wa pili ukabaki chini.

Kivuli, aliwaza Msanii. Akasogeza taa kushoto. "Tena, mama." Upande mmoja. Akaiinua karatasi, akainama, akafunga jicho moja. Jamani, mtu huyu! Mwanamke anapooza mbele yake na yeye anatafuta kosa kwenye taa. Alisogeza taa mara ya tatu kabla hajaelewa.

"Mama, inua mikono yote miwili."

"Ya nini tena?" alisema mama mkwe, na maneno yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye chakula kinywani. Mkono mmoja ulipanda. Mwingine ulifika nusu ya njia, ukarudi mapajani taratibu.

Msanii aliiachia kamera ikaanguka sakafuni. Hakuigeukia. Alikuwa ameshambeba mama mkwe mgongoni, mkewe akitangulia kusimamisha gari lolote, na yule jirani wa swali la harusi ndiye aliyetoa la kwake.

*

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye haraka na sauti ya upole. Kiharusi, aliwaambia, lakini mmewahi. Mngemwacha alale kwanza mngekuta mambo mengine. Presha ilikuwa juu mno. Je, alikuwa na dawa?

"Aliviacha vidonge," alisema Msanii.

"Kwa nini?"

Mama mkwe alijibu mwenyewe kutoka kitandani, kwa ulimi mzito: "Niliona picha."

"Picha ya nani?"

"Yangu," alisema mke wa Msanii.

Daktari alimtazama, mwanamke mzima, mwenye macho mekundu kwa kulia lakini hana kasoro. "Wewe ulikuwa unaumwa nini?"

"Taa."

Ikabidi waeleze. Msanii alieleza akiwa amesimama katikati ya wodi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walisikiliza wote bila kujificha, mmoja akaomba arudie pale pa mtoto wa tatu. Alirudia. Alistahili.

Daktari hakucheka. "Hizo seli na viwanda vyake ni kweli," alisema. "Mtu akipungukiwa kitu fulani, damu yake ikikosa madini, tunampima na tunampa hicho kilichopungua, na kinamsaidia. Lakini mama yenu hakupungukiwa na unga. Mishipa yake inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi. Vidonge vilikuwa vinaizuia isipasuke wala isizibe. Havikuwa vimeshindwa. Vilikuwa vinafanya kazi kila siku, ndiyo maana hakuona kitu."

Mama mkwe alifumba macho. "Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," alisema polepole. "Waliniambia tu meza."

Daktari alimshika mkono mgonjwa wake kidogo kabla ya kwenda kitanda kinachofuata.

*

Kocha alikuja kesho yake saa za kuona wagonjwa. Alisimama mlangoni mwa wodi na kopo la kijani mkononi. Maskini, hajui kwenda kumwona mgonjwa bila kubeba kitu, na kitu alichonacho nyumbani ni hicho tu. Alipouona mdomo wa mama mkwe ulivyokaa, alilificha kopo nyuma ya mgongo kama mtoto.

Mke wa Msanii alikuwa ameyaandaa maneno tangu alfajiri. Yalikuwa mengi na makali. Lakini mama yake aliinua kidole cha mkono mzima, akamnyamazisha.

"Njoo, baba. Kaa."

Kocha akakaa ukingoni mwa kiti. "Mama, sina la kusema. Mimi nilidhani..."

"Najua ulidhani. Nikuulize." Alikuwa akichukua muda kati ya neno na neno, na wote walimsubiri. "Mama yako mzazi yupo?"

"Yupo, mama. Yuko kwangu."

"Mzima?"

"Ana presha kidogo. Kama wewe."

"Na unga wako anakunywa?"

"Anakunywa." Kocha alijaribu kutabasamu. "Yeye ndiye mteja wangu wa kwanza. Ananiamini sana."

"Na vidonge vyake?"

Kopo lilikuwa limerudi mbele, Kocha amelishika kwa mikono yote miwili, na vidole vyake vilikuwa vikizunguka mfuniko bila yeye kujua. Alimtazama Msanii, kisha shemeji yake, kana kwamba mmoja wao angeweza kumwambia kwamba hakusikia swali sawasawa. Halafu aliliweka kopo juu ya shuka, akasimama, akatoka. Walimwona kwenye korido akitembea haraka, na baada ya hatua chache, na goti lake lile, akaanza kukimbia.

"Mfuateni," alisema mama mkwe.

"Tukuache peke yako?" aliuliza binti yake.

"Huyo mama yake hatamsikia mwanawe akimwambia arudie vidonge. Mimi niliwasikia nyinyi?" Alimgeukia mkwe wake, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa mkali vya kutosha kwa pande zote mbili. "Mchukue mke wako na ile taa, mkamwonyeshe uso. Nendeni!"

Msanii alimshika mkewe mkono, wakapita katikati ya vitanda, muuguzi akiwapigia kelele kwamba hapa hospitali hapakimbiwi, na wao wakakimbia.